Bega la Mzee Isidori

Wasifu wa Mzee Isidori uliosomwa makaburini ulikuwa na mistari kumi na moja. Niliuandika mimi, kwa sababu jumuiya yetu iliamua kwamba mtu aliyeuza chai mlangoni kwako kwa miaka tisa ndiye anayekujua. Alizaliwa milimani upande wa Mbinga, akasoma hadi darasa la saba, akawa utingo wa malori ya mahindi, kisha fundi, akaoa, akafiwa na mke, hakuacha mtoto, akafariki kwa ajali ya gari. Mwenyekiti wa jumuiya aliusoma kwa sauti yake ile ya kanisani na watu wakaitika vizuri. Mimi nilisimama na udongo wangu mkononi nikijua kwamba ule mstari wa mwisho ni wa kweli na haujasema kitu. Kilichobaki nakiandika hapa, na asiyependa kukisoma asikisome.

Karakana yake ilikuwa Msamala, kando ya barabara, pale mteremko unapoishia kwenye tuta. Karakana nasema kwa heshima tu. Ilikuwa uwanja wa udongo mweusi kwa oili, banda la mabati, na benchi langu la chai upande wa kushoto wa geti. Miaka ya mwisho hakutengeneza tena magari. Aliyaangalia. Ukitaka kununua kigari kidogo, hivi tunavyoviita bebiwoka, ambacho kimetumika ng'ambo, kikatumika Dar, kikatumika Iringa, na sasa kinakuja kumalizia umri wake Songea mikononi mwa mwalimu au muuguzi, ulimpelekea Mzee Isidori kwanza. Akikubali, aliandika herufi I kwa chaki chini ya boneti. Hapa mjini herufi ile ilikuwa na uzito. Nimewahi kuona watu wawili wazima wakifungua boneti ya gari kwenye sherehe ya ubatizo ili waione.

Alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja. Gari lazima lilale kwake. Wauzaji wa magari, hasa madalali, wana tabia ya kuliwasha gari na kulizungusha kabla mnunuzi hajafika, ili injini iwe ya moto na maradhi yake yajifiche. Mzee alilipokea jioni, akatandika viroba vyeupe vya mahindi chini yake, akaondoka na ufunguo. Asubuhi, na asubuhi zetu za mwezi wa sita unazijua kwa baridi, alivikagua viroba kwanza: tone hili oili ya injini, tone hili la gia, tone hili maji. Akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi kabisa. Ndipo akawasha, akasimama nyuma kuutazama moshi. Alichomoa stiki ya oili akainusa. Alipitisha sumaku kwenye bodi kutafuta palipojazwa putti. Alifunua mazulia na kuvuta mikanda yote mpaka mwisho, maana gari lililowahi kuingia maji huacha mstari wa tope pale ambapo hakuna anayefua. Alilala chini na mtaimbo akazichokonoa tairi moja moja. Kisha akaliendesha, redio imezimwa, vioo vimefunguliwa, akisikiliza.

Hapo kwenye kusikiliza ndipo penye maneno yangu.

Mwaka juzi, nilimwita mara tatu kwamba chai inapoa. Hakugeuka. Mimi sipendi kuita mtu mara tatu, hata marehemu mume wangu alilijua hilo, kwa hiyo niliinuka na kikombe nimfuate nimseme. Nikamkuta ameinama kwenye injini inayowaka, ameuma mpini wa bisibisi kwa meno, ncha ameigusisha kwenye chuma. Mafundi wote huweka mpini ule sikioni. Yeye alikuwa ameuma. Aliponiona akasimama wima, akafuta mdomo kwa mkono.

"Umeona," akasema.

"Nimeona. Tangu lini, Mzee?"

Alitazama midomo yangu kabla ya kujibu. "Sikio la kulia lilikwenda zamani, kwenye malori. La kushoto linakwenda sasa hivi."

"Na hiyo bisibisi?"

"Meno bado yanasikia, Mama Aidan. Injini naisikia vizuri tu. Lakini huku chini kwenye miguu ya gari, likiwa linatembea, huko sisikii tena."

Nilimkemea. Nilimwambia anacheza na roho za watu, anaandika herufi kwenye kitu ambacho hakijui. Alinisikiliza, au tuseme alinitazama, mpaka nikamaliza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba mimi nimekaa mbele ya lile tuta miaka yote, kila gari la Songea linashusha mwendo mbele yangu, na nisijidanganye, nayajua magari kwa sauti kuliko vijana wote wa gereji. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikimwambia mteja, mwalimu fulani anakuja, kabla gari la mwalimu halijatokeza kwenye kona.

Basi tukapanga. Kila anapojaribu gari, nami napanda, nakaa kiti cha nyuma, nyuma yake. Wenye magari waliambiwa kwamba gari lazima lipimwe likiwa na mzigo, na mwili nilio nao hakuna aliyebisha. Nikisikia kitu upande wa kulia, naligusa bega lake la kulia. Kushoto, la kushoto. Mara moja ni mgongano, mara mbili ni msuguano. Nisipogusa, ni kimya. Hatukuwahi kumwambia mtu, na katika miaka miwili hatukukosea hata gari moja. Alikataa magari ambayo mafundi wengine waliyapitisha, na watu wakazidi kuyasifia masikio yake. Mimi nilikuwa nikikoroga sukari nikicheka kimoyomoyo. Nakiri kwamba nilijisikia mtu mkubwa.

Sasa Skolastika. Huyu ni muuguzi mkunga, anakaa Mshangano, anafanya kazi zahanati huko Mpitimbi. Kila siku alikuwa anadandia pikipiki kwenda na kurudi, mvua yake, vumbi lake, na mara mbili alianguka. Jumuiya nzima ilimwombea apate usafiri. Alipopata kigari cha buluu kupitia dalali mmoja anaitwa Ramson, tulifurahi kana kwamba ni cha kwetu sote, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu wa hapa tunaoweza kulifanya. Tulianza na padre.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Gari lilisimamishwa mbele ya kanisa, limefungwa riboni nyeupe, kwenye boneti wameweka maua ya bustani ya masista. Padre akaomba kwa maneno mazuri, akasema gari hili litabeba mama wajawazito, lisimwangushe hata mmoja wao. Akalinyunyizia mbele, nyuma, na kila mlango. Ndoo ya maji ya baraka niliishika mimi. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga, na vitone vya maji vikakauka juu ya kioo chenye vumbi vikabaki vidoadoa.

Kutoka pale Skolastika akalileta moja kwa moja kwa Mzee. Nyumbani kwake wageni walikuwa wanasubiri pilau, na wa kwanza kufika ameshauliza kama Mzee Isidori ameliona.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmeanzia kwa padre?"

"Ya Mungu kwanza, Mzee."

"Sawa. Basi liache lilale, kesho saa moja nakupa jibu."

"Mzee, kesho saa moja natakiwa niwe njiani Mpitimbi. Na watu wako nyumbani, chakula kinapoa. Nitawaambia nini? Gari limebarikiwa halafu limelazwa kama mgonjwa?"

Alisema kwa kucheka, na Mzee naye akacheka, na nadhani hata yeye aliona vibaya. Gari limetoka kubarikiwa, riboni zinapepea, wewe unatandika viroba vya mahindi chini yake kutafuta uchafu. Akakubali kuliangalia vile vile lilivyo. Ni gari la kwanza ambalo halikulala kwake tangu nimfahamu.

Alifanya yote mengine. Sumaku haikuonyesha kitu kibaya, moshi haukuwa na rangi, mikanda ilikuwa safi. Akalala chini na mtaimbo, akachokonoa tairi za mbele, hazikucheza. Akatoka anapangusa mikono. "Miguu imekaza," akasema. Akaniangalia. Nikavua aproni, nikapanda nyuma yake. Skolastika akakaa mbele kushoto, na rozari mpya ikining'inia kwenye kioo.

Tulipanda hadi juu Mshangano, tukageuka, tukaanza kushuka. Skolastika alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, wimbo wa matoleo wa misa ya asubuhi ile. Mzee akakanyaga breki katikati ya mteremko kama alivyozoea.

Kok.

Mbele kushoto, chini. Mara moja tu, kavu, kama mtu aliyegonga mlango akaacha.

Mkono wangu ulipanda. Ulifika karibu kabisa na bega lake la kushoto, niliona uzi uliochomoza kwenye mshono wa koti lake. Nikaviona na vile vidoadoa juu ya kioo cha mbele. Nikawaza: Oliva, ndoo umeishika wewe. Saa moja haijapita tangu uitike amina, na sasa wewe, muuza chai, unataka kusema kitu hiki kina ugonjwa? Nikawaza wageni na pilau, nikamtazama Skolastika anavyoimba. Nikawaza pia, na hili ndilo la aibu, kwamba huenda baraka ni dawa, na kama kulikuwa na kitu basi kitapona. Mkono ukarudi mapajani. Tulipofika kwenye tuta breki zikashikwa tena, na safari ile gari likanyamaza kabisa, nikajiambia umeona.

Mzee alisubiri kidogo kabla ya kuzima injini. Alikuwa anasubiri bega. Kisha akashuka, akafungua boneti, akaandika herufi yake.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu, magari yalikuwa yanakuja na taa. Nilikuwa nasukuma chapati nikalisikia gari la Skolastika kabla sijaliona. Lilishuka, likashika breki kwa ajili ya tuta. Kok. Akanipungia mkono, akapiga honi, akapita. Mzee alikuwa amesimama getini ameshika kikombe, naye akapunga.

"Umelisikia linavyokwenda?" akaniuliza, uso umechangamka. "Kimya kabisa."

Niliinamia makaa. Nilijifanya jiko linanishughulisha.

Jumanne ilikuwa mara mbili, moja kwenye breki na moja tairi lilipopanda tuta. Jumatano kok ilifuatiwa na mkwaruzo mdogo. Unaweza kuuliza kwa nini sikusema Jumatatu ile ile. Nami najiuliza. Uongo wa kunyamaza una ubaya huu: kila siku inayopita unakuwa umeusema upya, na kuutoa kunakuwa kugumu kuliko jana. Kumwambia Mzee maana yake ni kumwambia kwamba yale masikio aliyoniazima nimeyatumia vibaya, na jina lake la miaka thelathini lipo chini ya boneti ile kwa chaki. Niliogopa. Sina neno jingine. Nilikuwa mwoga, nikawa mkali kwa wateja, nikamwaga chai ya mtu kwa makusudi kwa sababu aliuliza kwa nini sicheki siku hizi.

Alhamisi lilipita limejaa. Skolastika hana choyo, aliwapakia wanawake watatu wa kliniki wanaokwenda njia moja, mmoja ana mtoto mgongoni amefungwa kwa kanga. Gari lilikuwa limekaa chini kwa uzito. Lilipokanyaga tuta nililisikia kwenye meno yangu, nikaushika ukingo wa meza. Likapita. Nilikaa naangalia barabara upande lilikoelekea mpaka mchana, kila pikipiki ikitokea huko nilidhani imeleta habari.

Ijumaa alasiri akasimama kwangu, akitokea kazini. Alishuka na mkungu wa ndizi kutoka Mpitimbi, akampa Mzee kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Asante, Mzee. Wiki nzima sijala vumbi. Na jana usiku wa manane walinipigia, nimemkimbiza mzazi mpaka hospitali mjini, kafika salama, kajifungua mtoto wa kike."

Mzee alifurahi mpaka akanitafuta kwa macho ili tufurahi wote. Skolastika akaja benchini kuchukua chapati. Nikaona huu ndio mlango, nikaufungua kidogo.

"Gari halikusumbui, mdogo wangu?"

"Hata kidogo. Kuna kitu kinagongagonga huku mbele nikishika breki." Alifunga chapati zake kwenye gazeti. "Mwanzoni kilinitisha. Lakini nikasema, kama kingekuwa kitu, Mzee Isidori angekisikia. Yule mzee hapitwi. Na limebarikiwa. Basi nikisikia kinagonga nasema Salamu Maria moja, naendelea."

Alisema hivyo na kunishika mkono, akaenda. Nilisimama pale na unga kwenye vidole. Alikuwa anasikia mwenyewe. Masikio yake mazima kabisa yalikuwa yanamwambia ukweli, na alikuwa anayanyamazisha kila asubuhi kwa jina la Mzee. Jina la Mzee lilikuwa limesimama juu ya mkono wangu mimi.

Nilitaka kusema jioni ile ile, lakini Mzee alikuwa na wageni wa ukoo kutoka Mbinga, wakamchukua wakaondoka naye. Ndivyo nilivyojisamehe. Ningeweza kumfuata.

Jumamosi zahanati inafunguliwa nusu siku. Ukungu ulikuwa mzito, nyumba za ng'ambo ya barabara sikuziona. Mzee alikuja mapema, akakaa benchini kwangu, akaivuta chai. Hapo nikapiga moyo konde. Nilikaa mbele yake ili aone midomo yangu.

"Mzee, gari la Skolastika linagonga."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Tukiwa ndani. Nilisikia, sikukugusa."

Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakuuliza kwa nini. Aliweka kikombe chini na uso wake ukawa wa kazi.

"Upande gani?"

"Mbele kushoto."

"Linagongaje? Nigongee."

Nilichukua kiganja chake, nikakunja ngumi, nikakigonga kama nilivyolisikia: moja kavu, nafasi, kisha mkwaruzo.

"Akishika breki?"

"Akishika breki, na kwenye tuta."

Alifumba macho sekunde moja. "Bol jointi ya chini," akasema. "Lakini nilichokonoa ikakaza." Halafu akajijibu mwenyewe, polepole. "Wameshindilia mpira. Kipande cha tyubu, wakapaka grisi juu, ikakaza siku mbili tatu. Mpira umekwisha kuliwa sasa. Mama Aidan, hiyo ikichomoka tairi linalala. Anapita hapa saa ngapi?"

Sikuhitaji kumjibu, kwa sababu nililisikia. Lilikuwa juu kabisa, kwenye ukungu, likishuka. Halikuwa likigonga tena mara moja moja, lilikuwa linagonga muda wote kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Nadhani alikisoma kwenye uso wangu. Aliinuka, mzee wa miaka sitini na tisa, akakimbia.

Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye walisema alichanganyikiwa akajitupa barabarani. Hakujitupa. Alijua kwamba breki za tuta na lile tuta lenyewe vitalimaliza gari, kwa hiyo alikimbia kupanda mteremko amkute kabla hajafika hapo. Hakusimama katikati. Alikimbia kando, upande wa kushoto wa gari, na mikono yake yote miwili aliinyoosha mbele viganja vikitazama chini, akivishusha taratibu, taratibu, kama unavyomtuliza mtoto. Alikuwa anamwambia asishike breki. Aachie, aende polepole, aliache gari lijifie lenyewe pembeni. Fundi yeyote angeelewa.

Skolastika hakuwa fundi. Aliona mtu ametokea kwenye ukungu na mikono mbele, akafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Nilisikia kok moja, kubwa kuliko zote, na baada yake chuma kikiburuzwa kwenye lami. Tairi la kushoto lililala chali. Gari likainamisha pua na kuvuta upande ule ule wa kushoto, alikokuwa amesimama, naye alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea mtaroni akidhani huko ndiko salama. Nilipiga kelele. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, kana kwamba mtu wa kusikia kelele alikuwa yule.

Nilipofika, gari lilikuwa limeinamia mtaro na Skolastika ameshatoka kupitia mlango wa dereva, mdomo unavuja damu. Hakuwa na abiria siku hiyo, namshukuru Mungu, ingawa sijui kama nina haki ya kumshukuru kwa hilo. Mzee alikuwa mtaroni chini ya mlango uliobonyea. Alikuwa na fahamu. Paja la kulia lilikuwa limefunguka na damu ilikuwa inatoka kwa kuruka.

Skolastika hakulia. Alibadilika akawa muuguzi mbele ya macho yangu. Alipiga magoti kwenye matope, akavuta kanga yangu kiunoni bila kuomba, akaikunja, akaikandamiza juu ya paja na uzito wake wote. Akamwita mwenye bodaboda aliyesimama akamwambia apige simu hospitali. Kisha, bila kuinua kichwa, akaanza kuuliza.

"Kwa nini alikuwa barabarani?"

Nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili. Mzee alikuwa ananitazama midomo. Hata pale alikuwa anataka kujua nitasema nini.

"Alikuwa anakuzuia. Gari lako lilikuwa linakufa mguu."

"Mbona Jumapili hakusikia?"

"Hasikii. Ana miaka miwili hasikii. Mimi ndiye niliyekuwa namsikilizia."

Mikono yake haikutetereka. Damu ilikuwa inapanda kwenye kanga, maua ya njano yanageuka rangi.

"Na wewe ulisikia lini?"

Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema leo asubuhi, na hakuna duniani ambaye angenisuta, maana Mzee asingesema, hilo nililiona machoni mwake.

"Jumapili," nikasema. "Tulipokuwa tunashuka. Ulikuwa unaimba."

Ndipo aliponitazama. Hakuwa na hasira usoni, laiti angekuwa nayo. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuja, na yeye hana cha kumfanyia. Kisha akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka juu ya kanga, akauchukua na wa kushoto akauweka juu yake.

"Bana hapa," akasema. "Safari hii usiondoe mkono."

Nikabana. Nilibana mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na wakati huo Skolastika alikuwa ameshaweka vidole shingoni mwa Mzee na kuviondoa, akakaa kando yangu, akaniacha niendelee kubana.